Mtoto wa Jikoni

Cheche alifukuzwa na baba yake, fundi cherehani, siku aliposema anakwenda kujifunza kuchomelea vyuma. "Binti yangu hashiki moto," mzee alisema, na mzee akisema amesema. Miaka ikapita hawajuliani hali. Aliporudi, baba alikuwa keshazikwa na baba mdogo keshajifanya mwenye nyumba.

Kikao cha mirathi kilikaa sebuleni, katikati ya marobota ya vitambaa.

"Nyumba tutaiuza," baba mdogo alisema. "Na yule wa jikoni apewe nauli, aende kwao."

Huyo wa jikoni walimwita Kimya. Tangu Cheche apate akili, ndiye aliyempikia, akamfulia, akamsuka nywele. Mezani hakukaa nao hata siku moja.

"Kwao wapi?" Cheche aliuliza.

Watu wakatazamana. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu, akashindwa kuendelea kuimeza siri. "Kwao ni hapa. Ni mtoto wa baba yako, alimzaa kabla hajaoa. Marehemu mama yako alikubali aletwe, ila kwa sharti aitwe mfanyakazi."

"Dada," baba mdogo akamkata, "siri ya nyumba haianikwi kama nguo."

Cheche masikio yalimwaka moto. Dada yake wa damu alimfulia sare za shule, na shule yenyewe hakuijua mlango. Akainuka, akaenda jikoni, akamshika mkono uliojaa povu, akamleta, akamketisha kwenye kiti cha marehemu.

"Warithi ndio sisi wawili. Nyumba haiuzwi."

"Wewe mzee alishakukana."

"Alinitoa mlangoni, Baba Mdogo. Damu hakunitoa. Ukibisha, tukutane mahakamani. Shangazi atayasema haya haya mbele ya hakimu."

"Nitayasema," shangazi alijibu, macho chini lakini sauti juu.

Baba mdogo akajikuna kidevu. "Basi tuongee kama ndugu. Kimya, hebu lete chai kwanza."

Kimya alijifuta povu kwenye gauni, taratibu.

"Mimi nilijua tangu mdogo," alisema. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aone haya." Kisha akaegemea kiti. "Chai iko jikoni, Baba Mdogo. Njia unaijua."

Hakuwahi kumwita hivyo maishani. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, na siku hiyo hakuna aliyekunywa chai.