Duara Chini ya Meza

Mke wangu aliporudi kutoka hospitali alikuwa na neno moja tu: nyumba ipambwe upya.

"Upya vipi?" nilimuuliza. "Hii nyumba watu huomba kupigia picha zao za harusi humu."

"Ndiyo, Profesa. Sasa wataomba zaidi."

Profesa ni jina alilonipa miaka ile nilipoanza masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu na mikono inayonuka vanishi. Alianza kwa kunicheka, akaishia kwa kuzoea. Na kuhusu nyumba sikuwa natia chumvi. Wageni walikuwa wakiniuliza nilikotoa fedha za vitu vile, nami niliwajibu kwamba sikuvipata kwa fedha, nilivipata kwa macho. Nilikuwa fundi wa kung'arisha samani. Kabati la vioo, kioo kirefu chenye fremu ya dhahabu ya kuchovya, kiti cha kubembea, sanduku la nakshi za shaba, na meza ya duara ya msaji iliyosimama kwa mguu mmoja wa katikati, vyote hivyo niliviingiza ndani vikiwa vimepauka, nikavikwangua, nikavipaka mafuta, vikawa vitu. Mke wangu naye alinunua mabaki ya majora, akashona mapazia ambayo hakuna aliyejua kwamba yameungwa mara saba. Kwenye meza ile tulikula miaka thelathini na nne, yeye upande wa dirishani, mimi upande wa ukutani. Hatukubadilishana hata siku moja.

Kitinda mimba wetu, binti aliyehamia kwetu kumwuguza mama yake, akamleta mwanamke anayeitwa Mama Mapazia, ambaye kazi yake ni kupamba nyumba za watu kwa vitambaa vya bei nafuu na vitu vya mtumba. Alikuwa na sauti kubwa, tepu shingoni na pini mdomoni. Siku ya kwanza tu alivipindua viti vyangu miguu juu, kama mtu anayechagua kuku.

"Mzee wangu, hiki kiti ni cha mfalme. Ila kitambaa chake kinaomba kustaafu."

"Hata mimi nimestaafu, mbona hujanibadilisha kitambaa?"

"Wewe fremu yako bado imara, baba. Tutaanza na shati."

Mke wangu alicheka pale kwenye kochi, kisha akashika ubavu na kicheko kikakatika. Alikuwa amepungua sana. Aliniambia ni vidonda vya tumbo. Kwa daktari aliingia peke yake, akanikataza hata kusimama mlangoni.

Walikubaliana mapazia mepesi ya rangi ya maziwa, na mkeka mpya. Halafu mke wangu akaagiza mito ya kukalia chini. Thelathini.

"Thelathini?" nilisema. "Sisi hapa tuko watatu. Tunafungua ukumbi?"

Mama Mapazia aliacha kuandika. Alimtazama mke wangu, kisha akaanza kuikunja tepu yake polepole, ingawa alikuwa hajamaliza kupima.

"Mito haiozi," mke wangu alisema.

Wiki iliyofuata, asubuhi moja nikiwa nakaza fremu ya dirisha, skurubu ilinidondoka ikabingirika chini ya meza. Niliinama, nikapiga magoti, mwishowe nikalala chali kama nilivyokuwa nikilala kazini. Nilipotazama juu niliona duara la chaki nyeupe, kubwa kama mdomo wa kikombe.

Nililijua papo hapo, kama mtu anavyoijua sahihi yake.

Miaka ishirini nilimfanyia kazi mfanyabiashara wa samani kuukuu tuliyemwita Kipara. Kipara hakuwa mtu wa kungoja mnada. Akisikia kuna mzee mgonjwa mwenye vitu vizuri, alizungumza na ndugu mmoja wa nyumba ile, mpwa au mkwe, wakaelewana. Kisha alinituma mimi, kwa kisingizio cha kukaza miguu ya viti au kupiga vanishi. Nikiwa nimeinama, nilichora duara chini ya kila kitu walichoelewana. Duara maana yake: hiki kimeshapata mtu, mwenyewe bado yu hai. Siku mwenyewe akifariki, nilirudi nikapitisha mstari katikati ya duara, na wachukuzi wakaanza kubeba.

"Duara halipendi kukaa wazi," Kipara alizoea kusema. Na kweli, sikumbuki lililokaa wazi zaidi ya mwezi na nusu. Sababu yake naijua: tuliitwa kwa watu walioshazidiwa. Mimi nimesoma, siamini kwamba chaki inaua. Lakini nikiwa pale chini nilimsikia mke wangu akikohoa chumbani, nikalifuta duara lile kwa kiganja mpaka kikawaka moto.

Halafu nikapekua nyumba. Nyuma ya kabati la vioo kulikuwa na duara. Nyuma ya kioo, duara. Chini ya kiti cha kubembea, na chini ya sanduku. Matano kwa jumla, yote wazi. Niliyafuta kwa kitambaa kibichi bila kumwambia mtu. Baada ya siku mbili niliangalia tena. Yamerudi yote, mahali palepale, nikayafuta tena kwa mkono.

Mama Mapazia alikuja siku hiyo na vishikizo vya mapazia. Nilimsubiri mlangoni.

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi tena, baba?"

"Usiniite baba. Hiyo kazi nimeifanya kabla hujaota meno. Unaingia kwenye nyumba ya mgonjwa, unapindua viti, unaweka alama. Umeelewana na nani humu ndani?"

Binti yangu alitoka jikoni na mikono yenye povu. "Baba! Unamsema nani?"

"Namsema yeye. Na kama yupo aliyeelewana naye, namsema na huyo."

Nilijuta kabla sentensi haijaisha. Macho ya binti yangu yalijaa maji, lakini ulimi wake ameurithi kwangu. "Sema wazi basi. Sema nimekuja kumwuguza mama ili niuze makabati yako."

Mama Mapazia alitumbukiza mkono kwenye mkoba, akaniwekea kitu kiganjani. "Chaki yangu hii hapa. Bapa kama kipande cha sabuni, na ni ya bluu. Sijui unachosema, lakini hiyo nyeupe iliyokujaa kwenye kucha ni chaki ya shule."

"Na humu ndani mwenye chaki ya shule ni mmoja tu," binti yangu alisema.

Hilo ni kweli. Jikoni nina kibao kidogo ambacho kila Jumatatu naandika neno jipya nililolisoma. Nilikwenda kufungua boksi la chaki. Moja ilikuwa imeisha mpaka kubaki kama pingili ya kidole, na mimi sijawahi kutumia chaki hadi ikafika hapo. Ikifupika hivyo mkono wangu hauishiki tena, huitupa.

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Kwa nini hivyo vitano? Kochi letu lilikuwa na bei kubwa kuliko kiti cha kubembea. Cherehani ingechukuliwa siku hiyohiyo. Lakini kochi tulilinunua dukani, na cherehani alipewa na mama yake. Vile vitano vilitoka kwa Kipara. Mara nyingine alinilipa kwa kuniachia kitu kimoja katika mzigo, na kila kimoja kati ya vile nilikuwa nimekichorea duara kwa mkono wangu, mwenyewe akiwa hai. Binti yangu alikuwa hajazaliwa. Mama Mapazia asingeweza kujua. Mtu mmoja tu ndiye niliyemsimulia, jioni baada ya jioni, nikijisifu jinsi nilivyo mwepesi.

Nilimkuta chumbani, amekaa sakafuni kando ya sanduku, vumbi jeupe kwenye goti.

"Umefuta tena?" aliniuliza. "Unanichosha. Kuinama kwenyewe sasa hivi ni kazi."

"Nani kakufundisha kuchora hivyo?"

"Wewe. Ulikuwa unanionyesha kwa kidole juu ya meza, huku unacheka."

Nilikaa chini karibu naye. Ilichukua muda, kwa magoti haya. "Daktari alisema nini?"

"Alisema nisihangaike kununua kalenda ya mwaka ujao." Alinitazama aone kama nitacheka. "Tena alisema kwa adabu sana, kijana wa watu."

Nilimpangusa lile vumbi kwenye goti.

"Watu watakuja," akaendelea. "Watakaa kwenye mito, nimeshawaandalia. Sitaki waje kunililia huku wameegemea vitu vya watu. Nimevifuta vumbi miaka yote hii nikijua vilikotoka, nikanyamaza, kwa hiyo na mimi nimo. Nataka virudi kwa wenyewe, kwa wajukuu zao, kwa yeyote atakayepatikana. Yule marehemu mshonaji aliyekuwa mwenye meza ya duara ameacha mjukuu; Mama Mapazia ameshanitafutia, ingawa sikumwambia kwa nini. Wengine utawatafuta wewe. Nyumba unazijua."

"Tungeweza tu kuvitoa leo. Alama za nini?"

"Ili uzione." Alisema bila ukali. "Mkuki kwa nguruwe, mume wangu. Ulipoliona la kwanza, ulijisikiaje?"

Nilitazama mikono yangu. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia katika zile hadithi zangu za majisifu. Yule mshonaji aliliona duara lake. Nilikuwa nimemaliza kuchora sindano ilipomdondoka, akainama kuiokota kabla sijasogea. Aliniuliza, "Fundi, hii ni nini?" Nikamjibu, "Alama ya kipimo, mama." Akanishukuru, akanimiminia chai. Viatu vyake vya kitambaa vilikuwa chini ya meza, upande wa dirishani kwake, kama anavyokaa mke wangu kwetu.

"Nilijua kuna kitu," mke wangu alisema. "Hujawahi kukaa upande wangu."

Alinipa mkono nimwinue. Alikuwa mwepesi kama pazia. Nilipomlaza alikifungua kiganja changu akaweka ile pingili ya chaki, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Duara nimechora mimi. Mstari utaupitisha wewe, siku yake ikifika. Na usinidanganye kwamba ni alama ya kipimo."

Nilimwomba radhi binti yangu siku hiyohiyo, mbele ya Mama Mapazia, maana nilimtukana mbele yake. Mapazia ya rangi ya maziwa yametundikwa, na mwanga unaingia hadi ukutani. Mito thelathini imepangwa kwenye kona, bado ina karatasi zake. Siku hizi tunapokula mimi hukaa upande wa dirishani, yeye akipata nguvu za kutoka hukaa upande wangu, na miguu yangu naiweka upande uleule vilipokuwa vile viatu vya mshonaji.

Leo ni siku ya thelathini na nane tangu nilipoliona duara la kwanza. Chaki iko kwenye mfuko wa shati. Kila asubuhi naigusa kwanza, ndipo nabisha hodi chumbani kwake, nikasimama nikisikiliza.