Rangi Moja Ndani ya Kitalu

Pikapu ilikuwa imeshatoka getini, godoro linaning'inia nyuma kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, na mama bado anakimbia nayo sambamba, kashikilia dirisha.

"Mama, utakanyagwa!" mwanawe akafoka. Watu walimwita Fundi, kwa sababu hapakuwa na chuma eneo lile ambacho hakukichomelea. Hata mabomba ya kitalu cha nyanya, kile kibanda cha kulimia ambacho sasa alikuwa anakipa kisogo, aliyaunga yeye.

"Niambie tena," mama akasema, anahema.

"Nimeshasema. Nyanya zikikubali safari hii, nipigie, tunarudi siku hiyo hiyo. Zikikataa, usinisubiri. Sina moyo wa kuangalia majani yakifa mara ya tatu."

Mkewe Fundi, aliyepewa na mama mkwe jina la Chiriku maana mdomo wake haukuwa na kituo, akachungulia. "Mama, achia mlango, utabaki nao mkononi na dereva atatudai!"

Dereva akacheka. Mama akaachia. Pikapu ikakata kona, na yeye akarudi kwenye nyumba ambayo ghafla ilikuwa na vyumba vingi mno.

Kilichobaki ni kitalu, na juu yake neti mpya, nyekundu. Bwana shamba aliyeileta alimweleza kwa subira. Inzi weupe, vile vidudu vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, vinavyonyonya nyanya na kuziachia ugonjwa wa majani kujikunja, haviruki ovyo. Vinaongozwa na mwanga, tena aina ya mwanga ambayo jicho la binadamu haliioni. Neti ile inauchuja. Kidudu kikifika hapo kinapotea, hakijui mmea uko wapi.

"Kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo," mama akasema.

"Hasa! Lakini mama yangu, neti inamzuia aliye nje. Aliye ndani haimtoi. Usiingize mche ambao haukutoka kwangu. Hata mmoja."

"Nimesikia, baba."

Na kweli alisikia. Ila miche kadhaa ikanyauka mwanzoni tu, na mistari ikabaki na mapengo. Mama hakuwahi kuvumilia pengo. Sahani ikikosekana kabatini, hakai. Kila akiingia kitaluni aliona yale mapengo tu, na kila pengo alihesabu kuwa ni nyanya ambazo zingemrudisha mwanawe. Akaenda kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyelima nyanya peupe mtaa wa pili.

"Chukua, wifi, kwangu imesongamana," wifi akasema, akamng'olea miche minene na udongo wake, kwa roho safi kabisa.

Chini ya majani ya miche ile yalikuwepo mayai. Macho ya mama hayakuwa ya kuona kitu kama hicho.

Yalipoanguliwa, vidudu vilikuta raha tupu. Hakuna mvua ya kuvipiga, hakuna upepo, hakuna wale nyigu wadogo ambao huko nje huvimaliza. Vikazaana. Na mle ndani, kwa ile neti, kila kitu kilikuwa na wekundu fulani: ndoo, mikono ya mama, jani zima na jani gonjwa, vyote rangi moja. Fundi akipiga simu kuuliza, mama anajibu, "Zinapendeza, baba." Alikuwa anasema alichokiona.

Siku moja wifi alikuja kuazima ungo. Mama akatoka kitaluni na kumbatio la vichipukizi alivyovipunguza, akavimwaga juani. Vilikuwa manjano kama kiini cha yai, kingo zimekunjamana kwa juu kama kijiko.

"Hee! Wifi, ndiyo hayo unayoyasifia?"

Bwana shamba akaitwa. Hakukaa hata kitini. "Ng'oa yote, choma. Kitalu kikae kitupu, halafu tuanze upya."

"Yote? Na mwanangu?"

"Mama, mimi nazungumzia nyanya."

"Na mimi nazungumzia hizo hizo."

Hakung'oa. Simu ilipolia, akasema, "Zimebeba. Njooni."

Zilibeba kweli, vitunda kama gololi ambavyo visingekua tena.

Fundi akaacha kazi siku hiyo hiyo, kwenye karakana ya mjini alikoajiriwa. Alipofika na Chiriku hakuingia nyumbani, alinyoosha moja kwa moja kitaluni. Kwenye ule mwanga mwekundu akasimama anatazama mistari isiyo na pengo, akacheka kama mtoto.

"Mama, umeweza!"

Mama alisimama nyuma yake. Alitamani wakae mle mle, wote watatu, mlango usifunguliwe tena.

Ni Chiriku aliyepitisha mkono kwenye shina. Weupe wa inzi ukapaa kama majivu yaliyopulizwa jikoni, ukamtua Fundi nywelini. Fundi akachuma jani, akatoka nalo nje, akaligeuza juani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla hujaniita?"

"Kabla."

"Nimeacha kazi, mama. Tajiri wa karakana nimemtukana kabisa, maana nilijua sirudi."

"Nilitaka nikuone."

"Haya. Umeniona."

Waliondoka kabla chai haijachemka.

Bwana shamba aling'oa nyanya kwa mikono yake, lakini mlango ulipokaa wazi vidudu vilitoka vikaenda kwa wifi, na za kwake nazo zikafa. Wifi aliacha kilimo, akawa anauza mkaa. Akikutana na mama njiani, alivuka upande wa pili. Bwana shamba alihamishwa. Neti alipewa mkulima mwingine, anayefuata masharti, na anavuna vizuri. Tajiri hakumpokea Fundi. Fundi alipata kibarua mji wa mbali zaidi, cha kubeba mifuko ya saruji. Chiriku alijifungua mtoto wa kike ambaye bibi yake hakumwona. Mama alifariki msimu wa joto. Fundi alifika siku moja baada ya maziko, akalala, akaondoka. Mabomba ya kitalu yalikatwa na fundi mwingine, yakatengenezewa banda la kuku.