Penalti ya Kijiko

Mlinda mlango hana rafiki uwanjani. Hilo nimemwambia Kijiko tangu ujana wetu, naye hujibu kwamba hata nje ya uwanja sina.

Kijiko ni fundi cherehani, na ndiye mshambuliaji wa timu yetu ya wazee. Mimi nachomelea mageti jirani na kibanda chake. Ana saratani ya ini. Daktari ameshamwambia tiba hakuna tena, zimebaki dawa za maumivu tu. Tangu habari hiyo ifike, mazoezini hakabwi na mtu. Mabeki wanampisha kama bibi harusi. Hata nahodha wetu, muuza nyama wa miraba minne, juzi alianguka kabla hajaguswa.

"Mke wangu kulia ni haki yake," Kijiko aliniambia akinipima suruali. "Lakini hawa wananizika nikiwa na njumu miguuni. Wewe usithubutu kunipishia."

"Nikupishie una nini?"

Akanichoma na pini, makusudi kabisa.

Jumapili tukajigawa wekundu na weupe, Kijiko akawa upande wa pili. Kuelekea mwisho akajikwaa mwenyewe, na refa, ambaye ni shemeji yake, akapuliza penalti. Nahodha akanijia mbio.

"Atapiga kulia kwako, kama kawaida yake. Wewe ruka kushoto. Ukiidaka, kwangu nyama hununui tena."

Pembeni mke wa Kijiko alikuwa ameshika mikono kifuani, anaomba. Niliona haya, na hasira pia. Ningeruka kushoto wangefurahi wote, isipokuwa Kijiko.

Akapiga kulia. Mpira ulikuja taratibu, maskini, miguu yake haina nguvu tena. Nikaulalia.

"Roho mbaya," mtu akasema. Nahodha akanivuta sikio, mtu mzima mimi nina wajukuu. Mke wa Kijiko akaondoka bila kunitazama, na hilo liliniuma kweli.

Kijiko yeye alikuwa amekaa chini, anacheka huku ameshika mbavu.

Kwetu anayekosa penalti hufua jezi za timu nzima. Nahodha alizikusanya akazifue yeye kimya kimya, Kijiko akamnyang'anya mfuko. Nikambebea mpaka nyumbani. Akaketi kwenye kigoda uani, akafikicha, mimi nikakamua na kuanika.

Mkewe akatoka jikoni. "Shemeji, ungepungukiwa nini kwa kumwachia moja?"

Nikaendelea kukamua.

"Mwache, mama," Kijiko akasema, povu mpaka viwikoni. "Tangu nitoke hospitali sijakosea kitu. Nikishona kombo, wanasifu. Nikisema upuuzi, wanaitikia. Leo nimekosa, nimezomewa, na nina kazi ya kufanya."

 Mama yule akaenda kwenye kamba, akashusha jezi niliyoanika, akaigeuza makwapani, akaitupa tena kwenye beseni.

"Hii bado chafu," akamwambia mumewe. "Rudia."