Zulia Juu ya Makaburi

Domitila alipanda ua litambaalo, lenye maua ya njano kama alizeti ndogo, juu ya kaburi la mumewe Crispin. Mvua za Kigoma zililieneza upesi. Watu walilisifu, naye akamshukuru Mungu kwa zulia lile zuri.

Siku ya Marehemu Wote alifika makaburini na rozari mkononi, akamkuta jirani yake Honorata amepiga magoti, akiling'oa ua lile.

"Mama Wema, mbona unaniharibia maua?"

"Maua yako yamemmeza mwanangu. Namtafuta."

Domitila alitazama chini. Kila kifundo cha ua kilikuwa kimetoa mizizi, na kaburi la yule mtoto halikuonekana tena. Hapo juu yake ndipo Domitila mwenyewe aliposimama kila Jumapili akisali.

"Nisamehe, dada."

"Ng'oa kwanza. Radhi utaomba tukimpata."

Domitila akaifunga rozari kwenye pindo la kanga, akapiga magoti. Vidole vyake vikagusa msalaba mdogo wa mbao. Akaufuta udongo kwa kanga mpaka jina la Wema likasomeka. Hakuthubutu kumtazama Honorata. Aliendelea kung'oa hadi kwenye kaburi la Crispin, bila kuambiwa.