Chumba Bila Kizingiti

Gari la mwisho kulala katika gereji ile ya nyumbani lilikuwa lori la Fuso la Jamilu mwenyewe. Lilitoka asubuhi moja limebeba mahindi ya kupeleka Kisumu, breki zikakataa kwenye mteremko upande wa Kenya, likabiringika hadi korongoni. Okwi, tanboi wake, msaidizi wa lori kwa miaka mingi, alirushwa kwenye nyasi akainuka akijipangusa vumbi. Jamilu alitolewa na wanakijiji kwa mashoka na sururu. Alikuwa hai, ila kuanzia kiunoni kwenda chini mwili wake haukumsikia tena.

Waliporudi naye nyumbani Busia, upande wa Uganda, kutoka hospitali ndipo Rukiyah, mkewe, alipoiona nyumba yao ilivyo. Ilikuwa nyumba ya watu wenye miguu. Ngazi mbele, ngazi nyuma, kizingiti kila mlangoni, na ujia mwembamba ambamo kiti cha magurudumu kilikwama kama ng'ombe kwenye josho. Kwenda chooni ilibidi mtu abebwe. Okwi alishika makwapa, Rukiyah akashika miguu, na Jamilu, ambaye zamani sauti yake ilisikika kutoka mwanzo wa foleni ya malori hadi mwisho, alifumba macho mpaka walipomtua. Alikuwa kama mtoto anayedhani asipoona haonekani.

Rukiyah alikuwa mchuuzi wa samaki. Alifuata samaki wa mputa na ngege huko Majanji, ziwani, akawauza sokoni Busia, na wateja walimjua kwa jina. Aliacha yote hayo. Kila jioni alimgeuza mumewe ubavu, akamfuta mgongo kwa maji ya uvuguvugu, akamkagua kutoka mabegani hadi visiginoni, kwa kuwa muuguzi alikuwa amemwonya: "Mama, mtu asiyesikia mwili wake anaweza kuoza bila habari. Macho yako ndiyo maumivu yake." Na katika ile saa ya kugeuzwa na kufutwa, walizungumza. Walisengenya majirani, wakamkumbuka Zainah, binti yao aliyeolewa Tororo, wakabishana juu ya chumvi ya mchuzi. Wakati mwingine Jamilu alicheka.

Lakini kubebwa kulimla. Siku moja bega lake liligonga fremu ya mlango, akapiga kelele, "Mnanipindua kama gunia la mahindi!"

Siku hiyo ndipo Rukiyah aliposimama uani akaitazama gereji. Ilikuwa kubwa, paa lake juu, mlango wake mpana, na sakafu yake sawa na ardhi. Haikuwa na ngazi wala kizingiti.

"Baba Zainah," alimwambia, "ile gereji imekaa bure. Tuigeuze iwe chumba chako."

"Gereji ni ya gari."

"Gari halipo."

Jamilu aligeuza uso ukutani. "Fanyeni mtakavyo. Mzigo hauulizwi unataka kuwekwa wapi."

Okwi alikuwa fundi mwashi kabla ya kupanda malori, na tangu ajali alikuwa hajui la kufanya na mikono yake. Alipoambiwa, hakungoja kusikia mara ya pili. "Mama, kesho mimi nakwenda leta mchanga," alisema, na kesho yake kweli mchanga ukamwagwa uani.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Katikati ya sakafu palikuwa na shimo ambamo Jamilu alizoea kuingia kukagua gari kwa chini. Walilijaza mawe na udongo wa moramu, wakashindilia, wakamwaga zege juu. Oili ya miaka ilikuwa imelowa kwenye simiti. Walisugua kwa majivu na sabuni, wakakwangua, wakapiga lipu mpya, na bado jua likiwaka harufu ya dizeli ilipanda. Bati lilikuwa likichoma, kwa hiyo Okwi alipigilia dari ya seling bodi. Akaanza kutoboa tundu la dirisha ukutani.

Jamilu alikuwa akisikiliza nyundo kutoka kitandani. Siku ya dirisha alimwita Okwi kwa sauti ile ya zamani.

"We Okwi! Hilo dirisha unaliweka upande gani?"

"Upande wa bomba, bosi."

"Mvua yote ya ziwani itaingia humo. Nibebe nikaone."

Rukiyah aliingia jikoni akalia kwa furaha, kanga mdomoni asisikike.

Kuanzia hapo Jamilu hakukosa. Kila asubuhi alitolewa na kuwekwa chini ya ukingo wa paa, na hapo akaisimamia kazi kama alivyokuwa akisimamia upakiaji wa lori. Dirisha likahamishiwa upande wa barabara, liwe pana na la chini, mtu aliyeketi aone nje. Swichi zikashushwa usawa wa kiwiko. Mabomba ya chuma yakapachikwa ukutani kuzunguka choo, mengine juu ya kitanda, na Jamilu alilijaribu kila moja kwa kuning'inia. Karo la kunawia likawekwa chini, wazi upande wa magoti, kiti kiweze kuingia. Akataka na meza ya zege yenye jiko dogo la gesi.

"Jiko la nini?" Rukiyah alicheka. "Chai nitakuletea mimi."

"Mtu anaweza kutaka chai wakati wowote."

Jambo moja tu hawakupatana. Rukiyah alitaka ukuta unaotenganisha gereji na chumba chao utobolewe, uwekwe mlango, awe anapita bila kuzunguka uani.

"Ukuta huo unabeba paa," Jamilu alisema. "Ukitobolewa utapasuka."

Okwi aliutazama ukuta, akamtazama bosi wake, akachukua mwiko wake akaendelea kupiga lipu.

Na kuhusu kitanda, kile chao kikubwa kingeziba njia ya kiti. Jamilu aliagiza kitengenezwe kingine cha chuma, chembamba, usawa wa kiti, aweze kujihamisha mwenyewe. Rukiyah alikubali. Moyoni alikwisha kupanga kwamba atatandika godoro lake chini, kando yake.

Chumba kilipokamilika hata majirani waliokuwa wakinong'ona kwamba mgonjwa anatupwa gerejini walikuja kukiona. Kuta nyeupe, pazia la bluu, sakafu ya simiti iliyokwaruzwa ili magurudumu yasiteleze, upepo ukiingia dirishani na kutoka juu ya mlango. Wanawake wa mtaa walikula sambusa wakasema, "Rukiyah, mumeo umempa hoteli." Ikasomwa dua.

Wageni walipoondoka, Jamilu aliomba waachwe wawili. Alimwambia Rukiyah asimame mlangoni asimguse. Akasukuma kiti mpaka chooni, akajishika mabomba, akajihamisha, akarudi. Akanawa. Akapanda kitandani mwenyewe, jasho likimtoka hadi kidevuni, mguu mmoja ukabaki nje akauvuta kwa mikono kama anavuta kamba.

"Umeona?" alisema akihema. "Sihitaji mtu."

Rukiyah alipiga makofi. Alimshukuru Mungu kwamba mwanamume wake amerudi.

Ijumaa iliyofuata Jamilu alimwita Hudhaifa, kaka wa Rukiyah, aliyekuwa na duka la vipuri Tororo. Rukiyah alipika pilau, akidhani kaka yake anakuja kukiona chumba. Baada ya swala Hudhaifa aliingia pamoja na wazee wawili wa msikitini, wakaketi kwenye mkeka bila kutazama kuta wala dari. Rukiyah aliitwa, akaja na sinia mikononi.

"Weka chini, mama Zainah," Jamilu alisema. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. "Mbele ya kaka yako na wazee hawa, nimekuacha talaka moja."

Rukiyah hakuliweka sinia. Mzee mmoja alinyanyuka akampokea.

"Kosa langu ni nini?"

"Huna kosa. Angekuwapo mwenye kukushitaki, ningekutetea mimi." Jamilu alikuwa akitazama mikono yake. "Una nguvu bado. Uliacha samaki wako ukaja kubeba miguu ya maiti. Nilivumilia kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Sasa ninayo. Okwi atakaa hapa. Wewe nenda ukaishi."

"Kwa hiyo chumba chote hiki..."

"Kila bomba lililo ukutani," alijibu.

Hudhaifa alijikohoza. Alisema alijaribu kumzuia kwa simu, wala hakusikilizwa. Wazee nao walisema yao juu ya subira na juu ya halali inayomchukiza Mungu, na Jamilu aliwasikiliza kwa adabu mpaka wakamaliza. Pilau ilipoa. Okwi, aliyekuwa uani, alikuja kumwambia Rukiyah baadaye, macho chini, "Mama, ule ukuta habebi kitu. Mimi nilijua. Lakini mimi nilifikiri bosi anataka kulala pekee yake tu."

Eda Rukiyah aliikalia nyumbani, kama dini inavyotaka. Katika muda wote ule neno moja tu la Jamilu lingetosha kumrudisha, bila mahari wala shahidi mpya, na Rukiyah aliishi akilisubiri neno hilo. Alijifukiza udi. Alivaa magauni aliyokuwa akiyahifadhi kwa Idi. Alizunguka upande wa barabara apite mbele ya lile dirisha pana akienda bombani, hata ndoo ikiwa imejaa.

"Salaam aleikum, mama Zainah," Jamilu alikuwa akisema kutoka ndani, kwa heshima, kama anavyosalimiwa mke wa mtu.

"Waaleikum salaam." Alisimama kidogo. Halafu akaendelea.

Kutoka upande wa pili wa ukuta alisikia magurudumu yakisaga sakafu, maji yakitiririka karoni, kibiriti kikiwashwa, na redio. Hakuitwa. Zainah alikuja kutoka Tororo akiwa na mimba, akapiga magoti kwenye sakafu ile iliyokwaruzwa akimwombea mama yake arejewe. Baba yake alimshika kichwa akamwambia ni mambo ya wakubwa, aende akapumzike. Eda ikaisha. Hudhaifa alikuja na pikapu, wakapakia kitanda kikubwa na vyungu.

Tororo alipewa chumba nyuma ya duka la kaka yake. Alirudia biashara. Alfajiri alikuwa akisafiri hadi Majanji na kurudi na samaki, na wanawake wenzake sokoni walimwambia ana bahati, wangapi wanafungwa na wagonjwa mpaka wanazeeka? Akajibu ndiyo. Alikuwa akipika wali wa mtu mmoja na kila mara ukabaki.

Mvua zilipoanza, Okwi alitokea sokoni akasimama mbele ya meza yake ya samaki, kofia mkononi.

"Mama," alisema, "bosi anatoa harufu."

"Harufu gani?"

"Anakataa mimi naona mgongo yake. Anasema anaosha mwenyewe."

Rukiyah aliwaacha samaki wakiwa mezani.

Aliisikia harufu kabla hajafika mlango wa gereji kule Busia, imechanganyika na ya dizeli iliyokuwa bado inapanda kutoka sakafuni. Chumba kilikuwa safi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kikombe kimeoshwa, taulo limening'inizwa. Jamilu alikuwa kitandani, amekonda, mboni zikimeremeta kwa homa. Alipomwona alivuta shuka hadi shingoni.

"Rukiyah, mimi si halali yako."

"Nitazame mgongo wako tu."

"Si halali. Toka nje."

Alitoka. Alisimama nyuma ya pazia, Okwi akamgeuza, na yeye akauliza na Okwi akajibu: pana kiasi gani, rangi gani, kuna shimo? Okwi alianza kueleza, akashindwa, akatoka nje akatapika kando ya mchanga uliobaki wa ujenzi.

Walimpeleka hospitali. Daktari alisema kidonda kimefika mfupani na sumu imeingia kwenye damu. Alimlaza, akamsafisha, akampa dawa, na baada ya muda akamwambia Hudhaifa faraghani kwamba mgonjwa akitaka kurudi kwake, arudi. Akarudishwa gerejini.

Rukiyah alikuja tena, akaketi kwenye kigoda nje ya mlango, uso akiuelekeza barabarani.

"Baba Zainah," alisema, "nioe tena."

Malori yalipita. Rukiyah alidhani hakumsikia.

"Nikuoe leo," Jamilu alisema, "ili kesho uwe mjane?"

"Mjane ana mkeka wa kukalia. Ana watu wanaokuja kumpa pole. Mimi nitakulilia kama nani?"

Alisubiri. Alisikia chuma cha kitanda kikigonga bomba la ukutani, kama mtu anayejaribu kujiinua. Okwi alikwenda kutazama, akarudi akasema mzee amefumba macho. Hata yeye hakujua kama amelala au amekataa. Rukiyah alikaa pale mpaka adhana ya alasiri, Hudhaifa akaja kumchukua.

Jamilu alikufa kabla wiki haijaisha. Alifia mikononi mwa Okwi, na ni wanaume waliomwosha, katika choo kile chenye mabomba, wakasema kweli mahali pale pamerahisisha kazi.

Watu walikuja wengi, madereva kutoka pande zote mbili za mpaka. Zainah aliketi sebuleni kwenye mkeka pamoja na shangazi zake, na wanawake walioingia waliwashika mikono mmoja mmoja. Rukiyah alisalimu, akakaa karibu na mlango. Wale waliomfahamu walipomfikia walisita, hawakujua kama wampe pole au wamwamkie tu. Baadaye aliinuka, akaenda uani walikokuwa wanamenya matoke, akachukua kisu.

Mwanamke mmoja aliyetoka Lunyo, jamaa wa mbali wa marehemu, alimsogezea beseni. "Wewe ni nani wake?"

"Mama yake Zainah."

"Aa. Pole basi kwa binti."

"Ahsante," Rukiyah alisema.

Baada ya maziko Hudhaifa alitaka waondoke mapema, mvua ilikuwa inakuja na barabara ya Tororo ilikuwa mbovu. Walipanda pikapu. Okwi alikuwa amekwisha kuufunga mlango wa gereji, naye hakujua ufunguo ampe nani.