Cheti cha Mama Boke

Asubuhi ya Jumanne, mwaka ule bei ya dhahabu ilipopanda hadi watu wakauza ng'ombe wakanunua nyundo, fundi Elkana Oduol alikuwa amepiga magoti uani kwa Boke, huko Tarime, akitafuta mahali waya wa mgodi ulipokatikia. Alipaona chini ya ua wa minyaa. Mbuzi alikuwa ameutafuna.

Waya huo ulitoka kwenye bwawa la topesumu, yale matope ya sumu yanayobaki dhahabu ikishasafishwa, ukapita kwa Boke bila kubisha hodi, ukaenda hadi chumba cha kuongozea mitambo. Kule bwawani kulikuwa na transmita, kifaa cha ukubwa wa kopo la kahawa, ambacho Elkana alikibuni mwenyewe baada ya radi kuua vitatu vya kutoka ng'ambo. Alikilehemu mezani kwake Sirari. Kazi yake ni kupima kimo cha maji na kukituma kwa umeme mdogo sana kwenye nyaya mbili: miliampea nne, bwawa ni tupu, ishirini, limejaa hadi ukingoni. Sifuri maana yake waya umekatika. Elkana alipapenda sana hapo, kwamba hata utupu ulipewa nne zake ili usidhaniwe ni kifo. Ikifika kumi na sita, king'ora kinalia na pampu zinazojaza bwawa zinazimika zenyewe.

Tangu Februari haikufika kumi na sita hata siku moja. Mwezi huo meneja alimwita Elkana akamwambia azungushe skrubu mbili zilizo chini ya mfuniko mpaka kifaa kisome kumi na mbili, masika na kiangazi. Elkana ana watoto wanne, akazungusha. Basi bwawa likijaa humwagikia kijito anachotumia Boke, na kati ya ng'ombe kumi na mmoja wa mjane huyo, sita walikuwa wamekwisha kufa.

"Shikamoo, mama. Nishikie ncha hizi mbili, nikachukue utepe kwenye gari."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Haziumi?"

"Zinawasha kidogo tu."

Boke akazishika, moja kila mkono. Redio ya Elkana ikakoroma: "Elkana, hapa tunasoma kumi na nane nukta sita." Kisha king'ora kikalia.

Elkana akatazama chini. Nyaya za upande wa bwawa zilikuwa zimelala kwenye majani, hazijaguswa na mtu. Aliyekuwa akituma ni Boke.

"Mama, wewe unakunywa maji ya kijito?"

"Sasa ninywe ya nani?"

Jibu lilimtosha. Pampu zilikaa kimya dakika kumi na moja, na kwa muda huo kijito kilishuka mpaka mawe yakaonekana. Boke alikiona kutoka pale aliposimama. Elkana alimwomba mara tatu ndipo akaziachia nyaya. Akaunga waya, chumbani wakasoma kumi na mbili, pampu zikaanza upya.

Boke si mtu wa kulala na jambo. Tangu siku hiyo akawapeleka ng'ombe watano waliobaki kwenye kisima cha mbali, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kisha akamwendea mzee Wangwe, kiongozi wa wazee wa kijiji. Jumamosi ritongo likakaa, baraza la kijiji ambapo kila mmoja husema mbele ya wote, kisha wazee hukata shauri. Alichotaka ni kimoja tu: mgodi useme bwawa limejaa, pampu zizimwe, ng'ombe wake wapone. Elkana alikuja na betri na mita, hakutumwa na mtu. Boke akashika nyaya na Wangwe akasoma kwa sauti.

"Kumi na nane nukta tisa. Bwawa limejaa. Mgodi unasemaje?"

Hakuna aliyeshangaa. Wanawake walisema tu kwamba Boke amekonda.

Nikolaus, ofisa wa mgodi, mtu mpole anayejua kuamkia wazee, akasimama. "Hatubishi. Mama anapima vizuri. Ila kila kifaa kwetu kina cheti. Transmita inacho. Mama hana."

Wazee wakanong'onezana. Pale kwao shauri halikatwi mpaka pande zote mbili zimemkubali shahidi. Wakaamua, kwa haki kabisa, kwamba Boke aende karakana ya mgodi akapewe cheti, kisha warudi kusikiliza. Boke mwenyewe alifurahi. Siku ya kwenda alivaa kitenge cha kanisani.

Kazi alipewa Elkana, maana nani mwingine? Boke akaandikiwa namba, akavishwa kofia ngumu, akavuliwa tena ili atazamwe. Skrubu zilikuwa nyuma ya sikio la kulia, mbili, ndogo, za shaba. Meneja alisimama mlangoni.

"Kumi na mbili," alisema.

"Utaniumiza, mura?"

"Hapana, mama."



Elkana alijichukia, jamani, alijichukia hasa, na akaendelea kuzungusha. Mita ikashuka taratibu, ikatulia kwenye kumi na mbili. Akaandika cheti, akaweka saini, Nikolaus akapiga muhuri.

Jumamosi iliyofuata Wangwe akasoma kumi na mbili mbele ya watu wote. Mashahidi wawili, neno moja. Wazee wakalipokea. Wakamuuliza Boke kama ana la kuongeza.

"Sina. Mimi naona bwawa liko nusu tu. Sijui wiki ile nilikuwa na nini." Na alimaanisha.

Watu walipotawanyika Elkana alimfuata nyumbani. Alimkuta anafungua zizi, ameshika fimbo, anaelekeza ng'ombe upande wa kijito.

"Mama, usiwapeleke huko. Wapeleke kisimani."

"Saa nne njiani, na miguu yangu hii? Maji yako hapo chini."

"Mama, maji yale ni mabaya."

"Mabaya kivipi? Cheti si umeandika wewe?"

Ng'ombe wanne wakatangulia. Wa tano, dume jekundu, akaweka miguu chini akagoma. Boke akamvuta pembe, akashindwa, akamwomba Elkana amsukume kwa nyuma. Elkana akamsukuma.