Sharti la Mwisho la Marlys

Marlys Hendrick alikuwa amesoma kila alichoambiwa asome. Mashairi ya kale, yaliyoandikwa kwa Kiingereza ambacho hata Waingereza wenyewe hawakisemi tena, aliyamaliza. Tamthilia alizimaliza. Nadharia za uhakiki alizimeza kama vidonge, na tasnifu yake juu ya mjane anayeihama nyumba yake katika riwaya moja ilimfanya profesa wake, mtu mgumu wa kusifu, aseme "nzuri" mbele za watu. Kati yake na shahada ya fasihi ya Kiingereza kilibaki kitu kimoja tu: kuogelea.

Ndiyo, kuogelea. Chuo chao kidogo kule New Hampshire hakimpi mtu shahada, hata awe bingwa wa kuchambua vitabu, mpaka aogelee kwenda na kurudi kwenye bwawa la chuo bila kushika ukingo wala kukanyaga chini. Nani aliweka sharti hilo na kwa nini, hakuna anayekumbuka, na kuuliza ni kupoteza muda. Wenzake walilimaliza mwaka wa kwanza huku wakicheka. Marlys aliahirisha, akaahirisha tena, kama mtoto anayekwepa sindano, mpaka ikafika Alhamisi na mahafali ni Jumapili.

Usimcheke. Alizaliwa kwenye ranchi ya ng'ombe Nebraska, ambako maji mengi ni yale ya mfereji wa kumwagilia mahindi, na mfereji huo nusura ummeze akiwa mtoto mdogo. Baba yake ndiye aliyemtoa, kwa kumvuta nywele. Baba huyo huyo sasa alikuwa njiani na mama, suti mpya ikining'inia dirishani mwa gari, wanakuja kumwona binti yao akivaa joho. Shule ya sekondari ya kwao nayo ilimwahidi kazi ya kufundisha, mradi tu aje na shahada mkononi. Habari za bwawa hakuwaambia wazazi. Angeanzia wapi?

"Kuogelea unajua, nimekufundisha mwenyewe," alisema Kocha Brunner, mwanamke wa makamo mwenye filimbi shingoni, ambaye alikuwa akihangaika naye tangu majira ya baridi. "Shida yako ukifika kwenye kina unakumbuka kwamba ni kina. Leo ndiyo mwisho, mwanangu. Kesho majina ya wahitimu yanapelekwa."

Delphine, aliyeishi naye chumba kimoja na kusoma naye fasihi miaka yote, alikuja na ile tasnifu kwapani.

"Mwenzangu, umepauka kama unga wa ngano."

"Niache. Umeileta?"

"Hii hapa. Nitatembea ukingoni nakusomea, ukisikia maneno yako mwenyewe utatulia. Au utasinzia, maana zile kurasa za mwanzo, mama yangu!"

"Delphine!"

"Natania, bibi. Ingia majini."

Marlys akapiga moyo konde, akaingia. Aliogelea mtindo wa chura, kichwa juu, shingo imekakamaa, na sauti ya Delphine ikimfuata ukingoni. Alisikia sentensi zake mwenyewe na kweli akatulia. Akafika upande wa pili, akagusa ukuta, akageuka. Hapo ndipo alipofanya kosa la kutazama chini.

Sakafu ilikuwa mbali mno. Pumzi zikaanza kumpotea, miguu ikasahau kazi yake, na mkono wake wa kulia ukaanza kwenda wenyewe kuelekea ukingoni. Aliogopa, akaona aibu ya kuogopa, na alijua akishika tu basi, yamekwisha. Mkono ukazidi kwenda.

Delphine akauona. Akaifunga tasnifu kwa kishindo.

"Ila mimi, kusema ukweli," akasema kwa sauti kubwa, "naona profesa alikuonea huruma tu. Huyu mjane wako aliondoka kwa woga."

Mkono ukasimama.

"Ati nini?"

"Mwoga. Kaona maisha magumu, kakimbia. Basi."

"Alifagia!" Marlys akameza maji, akayatema. "Asubuhi ya kuondoka alifagia nyumba nzima! Mtu anayekimbia hafagii!"

"Mazoea tu."

"Na majivu? Alizoa majivu jikoni kwa mazoea? Wewe umesoma kitabu gani?"

"Hicho hicho. Mwoga, nasema hata mbele yako."

Sasa Marlys alikuwa amekasirika hasa. Alipiga maji kana kwamba maji ndiyo yaliyomtukana mjane.

"Aliogopa miaka yote aliyokaa mle ndani! Siku ya kuondoka ndiyo siku ambayo hakuogopa! Sura nzima nimeandika juu ya hilo, na wewe mwenyewe ndiye uliyeihariri, sasa leo unakuja—"

Vidole vyake vikagonga vigae. Filimbi ikalia.

Marlys alitazama ukuta kama mtu aliyeamshwa. Kisha akalia, kilio cha furaha, bila kujificha, na Delphine akapiga magoti ukingoni, kwenye maji yaliyomwagika, na suruali yake, akamkumbatia.

"Mchawi mkubwa wewe."

"Tasnifu yako nzuri. Nilikwambia zamani."

"Umepasi," alisema Kocha Brunner, naye machozi yakimlengalenga. "Lakini huyo mama alikwenda wapi baadaye?"

"Kitabu hakisemi, Kocha."

"Ee! Ndiyo maana mimi sisomi."

Delphine akamrushia taulo. "Twende basi, umpigie baba simu."

"Nakuja."

Sakafu ya pale ukingoni ilikuwa imelowa chapachapa kwa vita vyao. Marlys akatoka majini, akauchukua ufagio wa mpira uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaanza kuyasukuma maji kuelekea kwenye mfereji, polepole, kona hadi kona, nywele zikimchuruzika mgongoni.

"Acha hiyo," Kocha akasema. "Wenye kazi yao wapo."

Delphine alisimama mlangoni akimtazama rafiki yake, tasnifu ameikumbatia kifuani.

"Mwache, Kocha," akasema taratibu. "Mwache afagie."